Kwetu Hakuna Kipofu

Wanafunzi wake walimwita Mwalimu Breki, na hakuwa na ugomvi na jina hilo. Kwa miaka kumi na tisa mwanamke huyu alikuwa akiketi upande wa abiria kwenye gari dogo lenye kibao juu ya paa, mguu wake ukielea juu ya breki ya pili, akiwafundisha watu wazima namna ya kutoua wenzao. Kazi hiyo ilikuwa imemfunza kupaza sauti bila kukasirika, na siku nyingine kukasirika bila kupaza sauti. Hili la pili ni gumu zaidi, na ndilo lililomfaa miezi yote minne ya mkasa huu.

Ulianza kwa sindano. Mdogo wake, kitinda mimba wa kwao, alikuwa mshonaji wa nguo za harusi, na tangu mwanzo wa mwaka alikuwa akilalamika kwamba sindano inampotea. Ikiwa mbele yake anaiona vizuri kabisa. Ikisogea kando kidogo, imemezwa. Breki akampeleka kwa daktari wa macho. Daktari alimpima kwa mashine tatu, akazima taa, akawasha taa, mwisho akavuta kiti akaketi karibu nao.

"Ni presha ya macho," alisema. "Hula kuona kwa pembeni kwanza, polepole, ndiyo maana mtu hajui mpaka imefika mbali. Kilichokwisha hakirudi. Kilichobaki tutakilinda kwa dawa ya matone, kila siku, bila kuruka hata moja. Sasa niambieni, kwenye ukoo wenu nani mwingine alipoteza macho?"

Ndugu hao wawili wakatazamana kama watoto waliokuja shule bila daftari.

"Baba yetu alivaa miwani ya kusomea," alisema Breki.

"Huo ni umri tu. Nauliza upofu. Ugonjwa huu hutembea na damu. Ukiwepo kwenye ukoo, lazima wapimwe ndugu, binamu na watoto wao, wale wanaojiona wazima hasa. Tuanze na wewe, leo hii."

"Mimi naona vizuri, daktari. Nafundisha watu gari."

"Na huyu alikuwa anashona."

Breki akasema atapimwa akirudi na majibu ya ukoo. Daktari alimtazama, akaandika kitu kwenye faili, hakubishana naye.

Upande wa baba ulimchukua dakika kumi. Baba yao mdogo alipokea simu, akataja watu kuanzia babu wa babu, nani alikufa kwa moyo na nani kwa kifua, kipofu hayupo, akamalizia kwa kuuliza kwa nini hawampigii mpaka wawe na shida. Upande wa mama ndio uliokuwa msitu. Mama yao alikuwa amefariki miaka sita nyuma. Kizazi chake kilikuwa kimebaki na watu wawili tu: Mama Mkubwa, mwenye miaka themanini, ambaye neno lake kwenye ukoo lilikuwa kama muhuri, na Mjomba, mdogo wa kiume wa Mama Mkubwa na mama yao, mstaafu wa posta mwenye maneno mengi kuliko barua zote alizowahi kuzipanga. Watoto na wajukuu wa upande huo walikuwa ishirini na watatu. Breki aliwapigia simu wanne akawaeleza habari ya kupimwa. Wote wanne walimjibu jambo moja: "Mama Mkubwa anasemaje?"

Basi akaenda kwa Mama Mkubwa.

Sebule ya Mama Mkubwa ilikuwa na makochi ambayo hayajavuliwa nailoni tangu yanunuliwe, na ukikaa yalikulalamikia. Bibi mwenyewe alikaa kwenye kiti chake kando ya dirisha, wima kama hakimu. Breki aliamkia, akaulizwa habari za watoto, za gari, za mdogo wake, na alipofika kwenye habari ya macho hakufika mbali.

"Kwetu hakuna kipofu," alisema Mama Mkubwa.

"Sijasema yupo. Nauliza tu. Babu, kwa mfano—"

"Babu yako alikuwa mlevi. Hilo kila mtu analijua. Alikunywa mpaka akafukuzwa kazi, alikunywa mpaka akawa anagonga miimo ya milango yake mwenyewe. Kisha akaondoka, akatuacha na mama yetu. Mlevi si kipofu. Kunywa chai."

"Aliondoka mwaka gani?"

"Mwaka alioondoka."

"Alifia wapi?"

"Huko alikokufa. Mwanangu, marehemu anaombewa, hachimbuliwi."

Akaweka kikombe mezani, mkono wa kushoto ukitangulia kuutafuta ukingo wa meza, na mazungumzo yakawa yamefungwa.

Mjomba alikuwa kinyume chake, na hiyo ndiyo ilikuwa shida yake. Jumatatu alimwambia Breki kwamba Babu alikuwa karani mkuu wa serikali, mtu wa suti. Jumatano alikuwa fundi wa mitambo aliyepigwa na mashine kichwani. Ijumaa, kwenye simu, Babu aliacha kazi kwa hiari kwa sababu hakupenda kuamrishwa, "kama mimi tu." Alikufa mwaka wa mafuriko. Mafuriko yapi? Yale makubwa. Wanasema penye wengi hapaharibiki neno. Kwenye ukoo huu walikuwa wawili tu, na neno lilikuwa limeharibika kama nguo iliyosahauliwa kwenye beseni.

Mshonaji ndiye aliyesema, huku akijitia tone la dawa na kukosa, "Kama Babu alikuwa wa serikali, si serikali itakuwa na karatasi zake?"

Ofisi ya nyaraka ilikuwa nyuma ya mahakama, jengo la ghorofa moja ambalo Breki alikuwa amelipita kwa miaka yote bila kujua ni la nini. Ukumbi wa kusomea ulikuwa na meza ndefu, feni ya dari iliyolia kama inaonewa, na tangazo: mikoba ibaki kabatini, kalamu za wino marufuku, vyakula na vinywaji marufuku. Mtunza nyaraka alikuwa binti wa kama miaka thelathini, mwenye sauti ya chini kama mtu anayeongea karibu na mtoto aliyelala, na vidole vilivyokauka kwa vumbi la karatasi.

"Unamtafuta nani, mama?"

"Babu yangu."

"Alizaliwa mwaka gani?"

"Sijui."

"Alifanya kazi idara gani?"

"Inategemea unamuuliza nani."

"Alifia wapi?"

"Mwaka wa mafuriko."

"Nimeuliza wapi."

Binti yule akaweka penseli chini taratibu. "Mama, humu ndani kuna majalada zaidi ya laki moja. Ukiniambia 'babu yangu' nitakuletea babu za watu wote. Nenda nyumbani. Anza na wewe mwenyewe, halafu mama yako, halafu ndiyo umfikie babu. Usimrukie, utaangukia babu wa mtu mwingine. Na kila unachoandika, mbele yake andika umekijuaje. Umeona karatasi? Umeambiwa? Aliyekuambia alikuwepo, au naye aliambiwa?"

"Nimetoka nyumbani kuja huku niambiwe nirudi nyumbani?"

"Ndiyo, mama."

Breki alirudi kwenye gari akapiga mlango kwa nguvu ambazo angemfokea mwanafunzi kuzitumia. Lakini jioni hiyo alinunua daftari. Akaanza na cheti chake cha kuzaliwa, ambacho kilisema mama yake alikuwa na miaka ishirini na mbili alipomzaa. Cheti cha ndoa cha mama yake kilimfanya awe na miaka kumi na minane mwaka huo huo. Kibali cha mazishi kilikuwa na mwaka wa tatu kabisa. Kwa mujibu wa karatasi, mama yao alikuwa amezaliwa mara tatu. Alipofika kwa Babu, alijaza kurasa mbili nzima, akajisifu, halafu akajaza safu ya "nimejuaje": Mama Mkubwa. Mama Mkubwa. Mama Mkubwa. Mjomba, aliyeambiwa na Mama Mkubwa. Mama, ambaye hakuwahi kusema lolote.

Akaliangalia daftari kwa muda. Kurasa mbili, na shahidi mmoja.

Aliporudi kwa mtunza nyaraka na malalamiko hayo, yule binti alitabasamu kwa mara ya kwanza. "Sasa umeanza. Huyo mjomba wako, unamuulizaje?"

"Namuuliza ilikuwa mwaka gani."

"Usimuulize mwaka. Watu hawakumbuki mwaka, wanakumbuka shati. Muulize alichokiona kwa macho yake akiwa mdogo, na akianza kukupa habari za kuambiwa, mrudishe. Na usimpe jibu mdomoni."

Breki alimkuta Mjomba kibarazani kwake, anatengeneza redio ambayo haikuwa imeharibika. Kwa dakika ishirini Babu alikuwa karani mkuu tena. Breki aliuma meno, akasubiri, akasema, "Mjomba, hayo uliyaona au uliambiwa?"

"Kila mtu anajua."

"Wewe uliona nini? Siku moja tu. Baba yako anakwenda kazini. Wewe uko wapi?"

Bisibisi ya Mjomba ikasimama hewani.

"Nilikuwa darasa la tatu," alisema, polepole, kama anayesoma mwandiko mbaya. "Mwalimu alinirudisha nyumbani kwa sababu shati langu lilikuwa na wino hapa." Akajigusa bega la kulia. "Vidole vya baba. Wino wake hautoki, ulikuwa umeingia kwenye ngozi. Mama alinichapa, halafu akalia, sikujua kwa nini analia yeye wakati nimechapwa mimi."

"Wino wa nini?"

"Wa matbaa. Matbaa ya serikali, ile iliyokuwa karibu na shule yetu. Alikuwa anapanga herufi, zile za risasi, moja moja. Nilikuwa namwacha getini, halafu ndiyo naenda darasani."

"Kwa hiyo alikuwa anakusindikiza shule?"

Mjomba akaitazama redio. "Alikuwa nyuma yangu, mkono wake begani mwangu. Siku zote mimi nilikuwa mbele." Akaiweka bisibisi chini. "Kwa nini nilikuwa mbele?" aliuliza Mjomba, na swali lenyewe halikuwa la Breki.

Cheti cha shule cha Mjomba kilionyesha mwaka wa darasa la tatu. Matbaa ilijulikana. Breki aliingia ofisi ya nyaraka kwa mwendo wa mtu aliyeshinda kesi, akaandika jina la Babu kwenye fomu, na baada ya saa nzima akaletewa jalada nene la mpanga herufi. Alisoma siku tatu, akikatiza masomo ya wanafunzi wake. Akasoma kwamba Babu alikuwa na watoto kumi na mmoja. Akasoma kwamba alionywa kwa kuchelewa, akaonywa kwa matusi, akafukuzwa kwa wizi wa karatasi. Machozi yalimlenga. Akampigia simu mdogo wake, mdogo wake akampigia Mjomba, na jioni Mjomba alimpigia Breki akipiga kelele mpaka simu ikakwaruza.

"Kumi na mmoja! Sisi tulikuwa watatu! Hao wanane wako wapi? Wamekula nini miaka yote hii?"

Asubuhi yake mtunza nyaraka alilifungua jalada kwenye ukurasa wa kwanza, akaweka penseli pembeni ya jina la mke. "Huyu ni bibi yako?"

Hakuwa bibi yake. Wala kijiji alichoandika hakikuwa cha kwao. Wala baba aliyetajwa hakuwa wa ukoo wao.

"Jina moja si mtu mmoja, mama. Ungeanza kwa ukurasa wa kwanza."

"Nilianza kwa ukurasa wenye matusi," alikiri Breki. "Ndiye niliyeambiwa nitamkuta."

Kisha ikaja kazi ya kuandika jina la Babu kwa kila namna linavyoweza kukosewa. Makarani wa zamani, alieleza binti, waliandika walichosikia, na walisikia kama walivyoamka. L iwe R. H iongezwe, H itolewe. Jina la baba litangulie, lake lifuate. Breki aliandika namna kumi na nne, akisonya kila moja, na namna ya kumi na mbili, isiyofanana na jina la mtu yeyote wa ukoo wao, ndiyo iliyoleta jalada jembamba, limefungwa kwa uzi. Safari hii alianza na ukurasa wa kwanza. Mke: bibi yake. Watoto watatu: wasichana wawili, mvulana mmoja.

Karatasi zilikuwa nne tu. Ya kwanza iliandikwa na msimamizi wa matbaa: mtumishi huyu anagonga meza na milango, juzi amemwaga trei nzima ya herufi, nadhani anakunywa, naomba achunguzwe. Ya pili ilikuwa ya daktari wa hospitali ya serikali: mtumishi hanywi. Macho yake yote mawili yana presha. Anaona mbele tu, kama mtu anayechungulia kwenye bomba, na hapo mbele napo patafunga.

Ya tatu ilikuwa ya Babu mwenyewe, kwa mkono wake. Mistari ilipanda, ikashuka, mmoja ukaukanyaga mwingine.

"Mheshimiwa, naomba nisiondolewe. Visanduku vyote vya herufi navijua kwa vidole, kubwa na ndogo. Nikipewa mtu wa kunisomea, nitapanga bila kuona, na makosa yangu hayatazidi ya wenzangu. Sijawahi kunywa pombe. Nina binti wa kuozwa."

Ya nne ilikuwa na neno moja na sahihi. Haiwezekani.

Mtunza nyaraka alimwona Breki anainama, akawahi. Kwanza alilivuta jalada kutoka chini ya kidevu chake, taratibu, lisilowe. Halafu ndiyo akamshika mkono akampeleka nje ya ukumbi, akampa maji, akasimama naye. Lakini kilichokuwa kinamtoa Breki machozi hakikuwa huzuni, au hakikuwa huzuni peke yake.

"Miaka sitini," alisema. "Miaka sitini wanamwita mlevi! Nimemwita mlevi mimi. Watoto wangu, wakipepesuka kwa mchezo, tunawaambia msitembee kama babu yenu!"

"Sasa unayo karatasi," alisema binti.

Jumapili Breki alikwenda kwa Mama Mkubwa na nakala nne, mdogo wake, na Mjomba, aliyevaa koti kama anakwenda mahakamani. Makochi ya nailoni yakapiga kelele. Breki akamwekea Mama Mkubwa karatasi mkononi, akasema kwa heshima yote aliyokuwa nayo, "Mama Mkubwa, soma."

Mama Mkubwa akaiweka karatasi mbali, akaileta karibu, akageuza kichwa kidogo kama kuku anayemtazama mwewe. "Maandishi haya yamefifia."

"Hii ni nakala mpya, Mama Mkubwa. Nyeusi ti."

"Basi nipe miwani."

"Umeivaa."

Mjomba ndiye aliyechukua karatasi, akasoma zote nne kwa sauti ya posta, wazi na bila haraka, mpaka alipofika "binti wa kuozwa", maneno aliyoyarudia mara mbili.

"Mficha maradhi, kilio—" alianza.

"Nyamaza," alisema Mama Mkubwa. "Wewe ulikuwa mtoto. Unajua nini?"

"Ndiyo, hatujui!" Hapo Breki alishindwa na somo lake la miaka kumi na tisa, alikasirika na sauti ikapanda. "Hatujui kwa sababu hamkusema! Nimekwenda ile ofisi mara kumi na moja. Nimesoma maisha ya mwizi wa ukoo mwingine kwa siku tatu. Huyu hapa sindano inampotea, na wewe unaniambia kunywa chai! Kwa nini mlevi? Katika maneno yote, kwa nini mlimwita mlevi?"

Mama Mkubwa hakumfokea, na hilo liliwashtua zaidi. Alikunja mikono mapajani.

"Kwa sababu mlevi ni aibu ya mtu mmoja," alisema. "Kipofu ni aibu ya nyumba nzima. Nilikuwa na miaka kumi na minane. Wazee wa upande wa mume wangu walikuwa wameshatuma ujumbe kwamba watakuja. Zamani zile, wakisikia kwenye nyumba kuna macho yanayokufa, hawaji. Kwangu hawaji, kwa mama yenu hawaji. Nani angetuoa? Nani angewazaa nyinyi, mje mnipigie kelele?"

"Na Bibi akakubali mumewe atukanwe?"

"Si mama aliyesema." Mama Mkubwa akageukia dirisha. "Ni baba mwenyewe. Alituita chumbani, mimi na mama. Akasema, watu wameshaanza kusema nimelewa, waacheni waseme. Akanituma nimtafutie chupa. Tupu. Akawa anatembea nayo mkononi. Akigonga mti, watu wanaiona chupa, wanacheka, basi. Siku wazee walipokuja alikaa uani na chupa yake, akaimba ovyo. Hakuwa anajua hata wimbo mmoja wa walevi. Alikuwa anaimba nyimbo za kubembelezea watoto."

Mshonaji alikuwa analia wazi. Breki alijaribu kushikilia hasira yake, akaona inamponyoka kama sabuni.

"Mama yetu alijua?" aliuliza.

"Mama yako alikuwa na miaka kumi na minne. Ndiye aliyekuwa anaisuuza ile chupa isinuke. Alikula kiapo na alikishika; kuliko mimi, maana mimi leo nimesema." Akawageukia. "Hakutuacha, baba. Tulipokwisha kuolewa, alikwenda kukaa kwa dada yake, akafia huko mwaka ule uliozaliwa wewe. Mama yako alikwenda kumzika na mimba yako kubwa. Akawaambia watu amekwenda kununua vitambaa."

Mjomba alisimama akatoka kibarazani. Walimsikia akipenga kamasi huko, kisha akisema peke yake, "Nilikuwa mbele. Nilikuwa namwongoza. Na mimi mwenyewe sikuambiwa."

Mtu angedhani mambo yaliishia hapo, na kwamba Mama Mkubwa aliinuka akaenda kupimwa. Wapi! Alisema amekwisha kuolewa, kuzaa na kufiwa na mume kwa macho hayo hayo, na yatamfikisha. Ilibidi Breki ampigie simu kila siku kwa wiki mbili. Alimbembeleza, akamtishia, akamnunia. Kilichomshinda bibi mwishowe ni mjukuu wake mmoja wa kike, aliyekataa kupimwa kwa maneno yale yale: "Kwetu hakuna kipofu." Mama Mkubwa, kwa kuyasikia kutoka mdomo mwingine, alikaa siku mbili bila kuongea na mtu, halafu akaagiza ukoo mzima ukutane kliniki Jumatano saa mbili asubuhi, na asiyekuja asimwite bibi.

Walikuja ishirini na mmoja. Walijaa kwenye mabenchi, wakajaa kwenye korido, na muuguzi aliuliza kama kuna ajali. Mama Mkubwa alidai aingie wa kwanza kwa ukubwa, kisha akagombana na mashine. Jicho lake la kushoto lilikuwa limekwisha zamani, na hakuwahi kumwambia mtu. La kulia lilikuwa limebaki na nusu, na nusu hiyo daktari alisema inaweza kulindwa. Mjomba alikuwa mzima kabisa, akatangaza hivyo kwa korido yote. Binamu watano walikutwa na ugonjwa, mmoja wao kijana wa chuo ambaye hakuwa na dalili hata moja. Na Breki. Jicho la kushoto, mwanzo mwanzo. Kioo cha ubavuni upande huo kilikuwa kimekwanguliwa mara tatu mwaka huo, na mara zote tatu alikuwa amemlaumu mwanafunzi. Daktari hakumwambia "nilikwambia." Alimwandikia dawa, akamwambia ataendelea na kazi mradi apimwe kila baada ya miezi mitatu, akamwita anayefuata.

Kwa kuwa Mama Mkubwa hakuweza kujitia dawa na hakumwamini mtu mwingine, kazi hiyo ilimwangukia Breki. Kila jioni alitoka kwenye gari la mafunzo akapitia kule, akanawa mikono, akasimama nyuma ya kiti cha dirishani.

"Fungua jicho, Mama Mkubwa."

"Nimefungua."

"Umefumba."

"Linafumba lenyewe. Dawa yako ya baridi." Kisha, bila kuulizwa, kichwa kikiwa kimelala nyuma, "Baba alikuwa anaweza kusoma gazeti kwa kulipapasa, unajua? Siyo maneno. Alikuwa anagusa karatasi anakwambia imepigwa chapa leo au jana."

Breki akaishusha chupa ya matone. "Hilo hukuniambia. Lilikuwa kabla ya wewe kuolewa au baada?"

"Kabla. Au baada. Ilikuwa wakati ule."

"Wakati upi?"

"Wewe nawe na miaka yako! Nilikuwa nimekaa kwenye ngazi, nimevaa gauni la njano, nachambua mchele. Tia dawa, shingo inaniuma."

"Basi fungua jicho."

"Nimefungua."

"Mama Mkubwa, umefumba!"